Landsat, MODIS, Sentinel-2 au rada ya Sentinel-1: uchague ipi kufuatilia mashamba ya umwagiliaji kwa miaka mingi?

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi katika sehemu inayopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kila kiangazi kinapofika swali lilelile hurudi mezani: mashamba ya mpunga yaliyo juu ya mto, katika Bonde la Usangu wilayani Mbarali, yameongezeka kiasi gani, tangu lini, na kuelekea upande upi? Jibu lake linawagusa wakulima wanaotegemea mabanio (vizuizi vinavyoelekeza maji mferejini) ya mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, wafugaji walioondolewa bondeni mwaka 2006 na 2007, wanyama wa hifadhini, na mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu iliyo chini ya mto. Mahali penye mvutano wa namna hiyo, ramani yenye makosa inaweza kumtwika mkulima lawama isiyo yake, na inaweza pia kuficha uchotaji wa maji uliotokea kweli.

Anayetaka kulijibu swali hilo kwa picha za setilaiti, awe mwanafunzi wa uzamili, ofisa umwagiliaji wa wilaya au mtumishi wa bodi ya maji ya bonde, hukwama mapema kwa sababu hazina za picha zinazopatikana bila malipo ni nyingi na kila moja ina watetezi wake. Hapa ninalinganisha nne. Landsat ni mfululizo wa setilaiti za Marekani unaofuatana kwa zaidi ya miaka 50. MODIS ni kamera iliyopachikwa kwenye setilaiti mbili za NASA, Terra na Aqua, ambayo huitazama karibu dunia nzima kila siku. Sentinel-2 ni setilaiti za Ulaya zenye kamera kali zaidi. Sentinel-1 nayo ni ya Ulaya, ila haina kamera: hutuma mawimbi ya rada na kupokea yale yanayorudi kutoka ardhini. Mifano yangu mingi ni ya Usangu, kwa kuwa huko ugumu wote wa kazi hii unaonekana kwa pamoja.

Vigezo vya kupimia

Kabla ya kugusa setilaiti yoyote, amua kwanza unaita nini "shamba la umwagiliaji". Usangu kuna majaruba, yaani vitalu vilivyozungushiwa matuta, ya mpunga wa masika, yanayopata maji ya mto ili kujazia mvua. Kuna bustani na mashamba madogo ya kiangazi yanayonyweshwa kwa mifereji, pamoja na vinyungu, yaani bustani ndogo za asili za mabondeni. Kuna pia ardhi iliyo ndani ya skimu, yenye mfereji na tuta, lakini isiyolimwa mwaka huo kwa sababu maji hayakufika. Anayehesabu mpunga wa masika, anayehesabu kilimo cha kiangazi na anayehesabu eneo lote linalofikiwa na mifereji watatoa ramani tatu tofauti kwa mwaka uleule, na wote watakuwa sahihi kwa tafsiri zao. Ugomvi mwingi wa takwimu ninaousoma chanzo chake ni hapo.

Tafsiri ikishakaa sawa, hazina nne zinaweza kupimwa kwa vigezo vitano: kumbukumbu yake inaanzia mwaka gani na ina mapengo gani, pikseli yake, yaani kitone kimoja cha picha, ni kubwa kiasi gani ukiilinganisha na jaruba, inarudi mara ngapi na inakabilianaje na mawingu, inaweza kutenganisha shamba la umwagiliaji na shamba la mvua, na inadai kazi kiasi gani. Wengi huanza na cha pili kwa sababu picha kali huvutia macho. Kwa maoni yangu, cha nne ndicho chenye uzito kuliko vyote, na ndiyo maana nimekipa nafasi kubwa zaidi.

Kumbukumbu na mapengo yake

Kwa urefu wa kumbukumbu, Landsat iko peke yake. Landsat 1 ilirushwa tarehe 23 Julai 1972, ikiwa na picha za ukali wa takriban mita 80. Landsat 5, iliyorushwa Machi 1984, ilikuwa na pikseli za mita 30 pamoja na bendi (sehemu za mwanga zinazopimwa kila moja peke yake) za infraredi ya mawimbi mafupi, mwanga usioonekana kwa macho, ambazo huhisi unyevu vizuri, na iliendelea kupiga picha hadi mwaka 2011. Baada yake zipo Landsat 7 ya 1999, Landsat 8 ya 2013 na Landsat 9 ya 2021. Ikiwa swali lako linahusu Usangu kabla ya mto kuanza kukauka, yaani miaka ya 1970 na 1980, kati ya hizi nne hakuna nyingine itakayokusaidia.

Lakini urefu huo una mashimo ambayo msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuyajua mapema. Landsat 5 haikuwa na kinasa cha kuhifadhi picha ndani yake. Picha ilisalia pale tu setilaiti ilipoweza kuirusha papo hapo, moja kwa moja kwa kituo cha ardhini au kupitia setilaiti nyingine ya kupokezana. Maeneo yaliyokuwa mbali na vituo, likiwemo eneo letu, yana picha chache sana za miaka ya mwisho ya 1980 na ya 1990, na unaweza kukuta misimu mizima isiyo na picha hata moja inayofaa. Landsat 7 ilirekebisha hali hiyo kwa miaka michache, kisha tarehe 31 Mei 2003 kifaa chake cha kunyoosha mistari ya picha kikaharibika, na tangu hapo kila picha ina mistari mitupu inayokula takriban asilimia 22 ya eneo lake. Kwa hiyo mwaka 2012, baada ya Landsat 5 kunyamaza na kabla ya Landsat 8 kurushwa, upande wa Landsat unategemea picha hizo zenye mistari peke yake.

MODIS inaanza Februari 2000 kwa Terra na katikati ya 2002 kwa Aqua, ikiwa na mfululizo usiokatika wa zaidi ya miaka 20. Sentinel-1 ya kwanza ilirushwa Aprili 2014 na Sentinel-2 ya kwanza Juni 2015; kwa Sentinel-2 ni salama zaidi kuanzia msimu uliofuata Machi 2017, setilaiti ya pili iliporushwa. Hizi mbili ni kumbukumbu nzuri za muongo mmoja. Anayeziita za muda mrefu bila kuongeza neno lolote anawapotosha wasomaji wake.

Pikseli na jaruba

Tuchukue jaruba moja la mkulima mdogo lenye upande wa mita 50, yaani robo ya hekta. Kwa Sentinel-2, ambayo bendi zake za rangi na infraredi ya karibu zina pikseli za mita 10, jaruba hilo lina eneo la pikseli 25, na hata ukizitupa za pembeni zinazogusa tuta unabaki na angalau tisa safi. Kwa Landsat, eneo la jaruba halifikii pikseli tatu, na kwa kuwa gridi ya picha haifuati matuta ya mkulima, unaweza kupata pikseli moja tu iliyo ndani kabisa, au usipate yoyote. Nyingine zote zitakuwa mchanganyiko wa mpunga, tuta, mfereji na jaruba la jirani. Kwa MODIS, pikseli moja ya mita 250 inameza majaruba 25 ya namna hiyo. Ikiwa nusu yamepandwa na nusu yamebaki na magugu, MODIS itakupa wastani wao, wala haitakuambia lipi ni lipi.

Hata hivyo si haki kuitupa MODIS kwa sababu hiyo. Usangu kuna pia mashamba makubwa yaliyoanzishwa na serikali, kama Mbarali na Kapunga, kila moja likiwa na takriban hekta 3,000 za mpunga. Eneo la namna hiyo lina mamia ya pikseli za MODIS, na kinachopotea kwa ukali hurudishwa kwa wingi wa siku. Rada ya Sentinel-1 hutolewa kwa pikseli za mita 10, lakini picha yake ina chengachenga ambazo ni lazima zisawazishwe kwa kuchanganya pikseli za jirani au tarehe kadhaa, hivyo ukali unaobaki kwa matumizi unakaribia ule wa Landsat kuliko ule wa Sentinel-2.

Marudio na mawingu

Usangu hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mpunga mwingi hupandwa ndani ya msimu huohuo. Maana yake ni kwamba shamba linafanya mambo yake muhimu likiwa chini ya mawingu. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Aprili ni siku zipatazo 150. Landsat moja, inayorudi kila baada ya siku 16, itapita mara tisa hivi; zikiwa mbili, kama ilivyo tangu Landsat 9, ni mara kumi na nane. Sentinel-2 kwa jozi yake hupita kila baada ya siku tano, yaani mara 30. MODIS hupita kila siku. Sentinel-1 moja hupita kila baada ya siku 12, mara kumi na mbili hivi.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kila mara tano setilaiti inakuta anga safi juu ya shamba lako mara moja. Landsat ya enzi ya setilaiti moja itakuachia picha moja au mbili kwa msimu mzima, Sentinel-2 itakuachia sita, na MODIS itakuachia thelathini, ambazo hutolewa zikiwa zimekwisha kuchujwa katika mikusanyo ya siku 16. Rada itakuachia zote kumi na mbili, kwa sababu mawimbi yake hupenya mawingu na hayahitaji mwanga wa jua. Kwa nchi yenye mpunga wa masika, tofauti hiyo haiwezi kufidiwa kwa ufundi wa kompyuta.

Hapa ndipo linapozaliwa kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Mtu anatafuta picha safi ya mwaka wa zamani, anapata ya Mei. Anatafuta ya mwaka wa karibuni, anapata ya Septemba. Anaziweka pamoja na kuandika kwamba kilimo kimepungua. Mwezi Mei mpunga wa kuchelewa bado una kijani, na Septemba majaruba yaleyale ni mabua makavu. Alichokipima ni tofauti ya miezi, wala si ya miaka.

Kutenganisha shamba la umwagiliaji na shamba la mvua

Kuna nchi ambako kigezo hiki ni chepesi. Katika Wadi As-Sirhan huko Saudi Arabia, mashamba ya duara yanayonyweshwa kwa mabomba yanayozunguka yanaonekana katikati ya jangwa tupu. Kila kilicho kijani kimemwagiliwa, na mfululizo wa Landsat tangu miaka ya 1980 unaonyesha duara baada ya duara yakizuka. Mbinu zilizozaliwa katika mazingira ya aina hiyo hunakiliwa na kuletwa kwetu bila kubadilishwa, na hapo ndipo zinapofeli.

Usangu mwezi Februari kila kitu ni kijani: mahindi ya mvua, nyasi za malisho, miombo ya milimani na mpunga wa skimu. Anayepima ukijani wa Februari anahesabu mvua. Mwezi Septemba kijani kinabaki kwenye bustani na vinyungu, jambo linaloonekana kurahisisha kazi, lakini kinabaki pia kwenye matete ya ardhioevu ya Ihefu na kwenye miti ya kingo za mito, ambayo hakuna aliyeimwagilia. Na mpunga wenyewe, unaochukua sehemu kubwa ya maji ya bonde, mwezi huo haupo shambani. Kwa hiyo kanuni nyepesi ya kusema "kijani cha kiangazi ni umwagiliaji" inafanya makosa mawili kwa pamoja: inaliingiza bwawa la asili na kuliacha nje jaruba.

Kinachosaidia ni kulitazama jaruba kwa msimu mzima. Kielezo cha ukijani kinachojulikana kama NDVI hupatikana kwa kuchukua infraredi ya karibu iliyorudi kutoka shambani, kutoa mwanga mwekundu uliorudi, kisha kugawanya kwa jumla ya hizo mbili. Mwezi Januari, maji yakiwa yameingizwa jarubani na miche ikiwa ndiyo kwanza imepandikizwa, shamba ni kama kioo. Mwanga mwekundu unaorudi unaweza kuwa 0.06 na infraredi 0.04, na kielezo kinakuwa hasi 0.2. Miezi miwili baadaye majani yamefunga, mwekundu ni 0.05 na infraredi ni 0.45, na kielezo kimepanda hadi 0.8. Kufikia Juni au Julai mavuno yamefanyika na kielezo kimeanguka. Shamba la mahindi ya mvua lililo jirani litapanda vilevile hadi karibu na 0.8, lakini litaanzia kwenye udongo mtupu wa 0.1 bila kupitia maji. Alama ya mpunga, basi, ni ule mzamo wa mwanzo, na unaonekana wazi zaidi ukitumia infraredi ya mawimbi mafupi, kwa sababu kielezo cha unyevu hupanda juu ya kile cha ukijani wakati jaruba limejaa maji.

MODIS, kwa kurudi kila siku, huuona mchoro huo mzima na imetumika sana kwa mpunga wa Asia; kwa Usangu inatosha kuonyesha kama msimu wa shamba kubwa umesogea mbele au nyuma, au kama kuna zao la pili. Sentinel-2 huuona kwa kila jaruba, masharti yakiwa mawingu yaachie nafasi katika wiki za kujaza maji. Landsat ya miaka ya zamani mara nyingi huukosa mzamo huo kabisa, na hapo inabidi kutumia dirisha jingine: mwisho wa Aprili hadi Juni, wakati anga limefunguka, mahindi ya mvua mengi yamekwisha kuanza kukauka, na mpunga uliochelewa kwa kutegemea maji ya mfereji bado una kijani. Dirisha hilo halikamati mpunga wote, na ni lazima liwekwe lilelile kwa kila mwaka unaoulinganisha, lakini kwa miaka ya 1980 na 1990 mara nyingi ndilo pekee tulilo nalo. Landsat ina faida nyingine ambayo Sentinel-2 haina: tangu miaka ya 1980 imebeba kipimo cha joto, na shamba lenye maji ya kutosha huwa la baridi kuliko jirani yake lenye kiu. Kipimo hicho ni kipana, mita 120 kwa Landsat 5 na mita 100 kwa Landsat 8, hivyo kinafaa zaidi kwenye skimu kuliko kwenye jaruba moja.

Rada hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Maji tulivu huyasukuma mawimbi yaende mbali na setilaiti, hivyo jaruba lililojaa huonekana jeusi. Mashina yanapokua, mawimbi hugonga maji na shina kisha kurudi, na jaruba linang'aa hatua kwa hatua. Mchoro huo ni wa kuaminika kwa mpunga kuliko picha moja nzuri ya kamera. Lakini rada ina udhaifu wake: upepo ukiyachafua maji weusi hupungua, barabara na mchanga laini nao huwa vyeusi, mafuriko ya asili ya Ihefu hufanana na kujaza maji, na bustani ya nyanya au vitunguu inayonyweshwa kwa matuta haina kioo cha maji cha kuonyesha.

Yapo pia mashamba ambayo hakuna hata moja kati ya hizi nne inayoyasoma vizuri. Miteremko ya Kilimanjaro ina mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachaga, inayonywesha migomba na kahawa, na huko kijani hakikatiki mwaka mzima, mfongo ukiwa na maji au ukiwa umekauka. Huko inabidi kutembea.

Kazi, gharama na mitego

Zote nne ni za bure. Landsat imekuwa hivyo kwa kila mtu tangu 2008. Gharama halisi ni muda, intaneti na umakini. MODIS ni nyepesi na faili zake hufunguka hata kwenye kompyuta ya kawaida. Picha za Sentinel-2 ni nzito, na msimu mmoja wa bonde zima unaweza kujaza diski ndogo, ndiyo maana wengi hufanyia kazi ndani ya Google Earth Engine au Digital Earth Africa, ambako hesabu hufanyika huko huko zilikohifadhiwa picha na wewe unapakua matokeo tu. Rada ndiyo inayodai mafunzo zaidi kabla ya kuitumia, ingawa Digital Earth Africa huitoa ikiwa imekwisha kusahihishwa kwa ajili ya milima na mabonde.

Kila moja ina mtego unaoweza kutengeneza badiliko lisilokuwepo. Kwa Sentinel-2, tangu tarehe 25 Januari 2022 thamani za pikseli huongezewa 1,000 kwenye faili, na asiyeipunguza atavuna makosa: pikseli ya mpunga yenye 500 kwa mwekundu na 4,500 kwa infraredi ina kielezo cha 0.80, lakini ikisomwa kama 1,500 na 5,500 kielezo kinashuka hadi 0.57, na mtu anaweza kutangaza kwamba mpunga wa 2022 umeharibika nchi nzima. Mikusanyo iliyosawazishwa ipo. Hakikisha ndiyo unayoitumia. Kwa Landsat, kamera ya Landsat 8 na 9 husoma kielezo cha ukijani juu kidogo kuliko kamera za Landsat 5 na 7, hivyo ongezeko dogo linaloanza 2013 lichunguzwe kwa mashaka. Kwa MODIS, setilaiti ya Terra hairekebishwi tena njia yake kama zamani na saa yake ya kupita imekuwa ikisogea, na anayepanga ufuatiliaji wa miaka ijayo ajiandae kuhamia kwenye VIIRS, kamera mpya zaidi inayoirithi MODIS. Kwa Sentinel-1, setilaiti ya pili iliharibika Desemba 2021, na picha za kupanda (setilaiti ikielekea kaskazini) na za kushuka (ikielekea kusini) kwenye njia yake zisichanganywe, kwa sababu zinatazama shamba kutoka pande tofauti.

Kuna na kazi ambayo hakuna hazina inayoifuta: kulinganisha ramani na shamba lenyewe. Kwa msimu wa sasa, pointi za GPS zilizochukuliwa kwa uwiano kwenye mpunga, mahindi, nyasi na bwawa zitakuonyesha ramani inakosea wapi. Kwa misimu iliyopita, daftari za skimu na kumbukumbu za wazee wa mfereji zina thamani kubwa kuliko zinavyopewa. Na eneo lisitolewe kwa kuhesabu pikseli tu. Likadiriwe kutokana na sampuli zilizohakikiwa, likiambatana na kiwango cha makosa.

Kila moja inamfaa nani

Landsat inamfaa anayeuliza kuhusu miongo, aliye tayari kukubali miaka mitupu na kuandika wazi ni ipi. MODIS inamfaa anayeshughulika na bonde zima au mashamba makubwa na anayejali zaidi lini msimu ulianza kuliko nani amelima. Sentinel-2 inamfaa ofisa wa skimu au chama cha watumia maji anayetaka kujua jaruba kwa jaruba tangu 2017, hasa kwa mazao ya kiangazi ambako anga ni safi. Sentinel-1 inamfaa anayefuatilia mpunga wa masika chini ya mawingu, aliye na muda wa kujifunza kuisoma.

Kulingana na hali yako

Ikiwa unachunguza chanzo cha kukauka kwa mto, tumia Landsat kama uti wa mgongo, kwa dirisha moja la mwezi Mei au Juni, na ukusanye misimu mingi kadiri inavyopatikana kabla na baada ya 1990. Usitegemee miaka miwili ya mwanzo na mwisho: msimu wa 1997/98 ulikuwa wa mvua nyingi za El Niño, na mwaka wa mvua nyingi huwatamanisha wakulima kupanua mashamba ambayo mwaka unaofuata huachwa. Weka takwimu za mvua na za mtiririko wa mto pembeni ya kila eneo unalolitaja.

Ikiwa skimu yako imepata chanzo kipya cha maji hivi karibuni, kama ilivyo kwa Mwea katika Kaunti ya Kirinyaga baada ya Bwawa la Thiba kukamilika mwaka 2022, Sentinel-2 na Sentinel-1 kwa pamoja zinatosha, kwa sababu zina misimu kadhaa ya kabla na ya baada. Rada itakuonyesha lini kila kitalu kilijazwa maji, na kamera itakuonyesha zao lilikua namna gani.

Ikiwa unahitaji ripoti ya kila mwaka ya bonde zima na una kompyuta moja na intaneti ya kusuasua, anza na MODIS, na utumie Landsat au Sentinel-2 kwa vipande vichache tu ili kuona pikseli pana zimemeza nini ndani yake.

Ikiwa unachofuatilia ni bustani na vinyungu vya kiangazi, tumia Sentinel-2 ya Agosti hadi Oktoba, ukiwa umeyachora na kuyaondoa mapema matete, misitu ya kingo na Ihefu yote. Kwa miaka ya kabla ya 2015 Landsat itakuonyesha bonde lenye vinyungu vingi lilivyoenea, lakini kinyungu kimojakimoja itakiacha, na namba za vipindi hivyo viwili zisiunganishwe kwenye mstari mmoja wa grafu kana kwamba zimepimwa kwa kipimo kimoja.

Na ikiwa ramani yako itapelekwa kwenye kikao cha mgogoro wa ardhi au wa kibali cha maji, peleka picha zenyewe pamoja na ramani, kila moja ikiwa na tarehe yake kamili, na wape wakulima na wafugaji muda wa kuonyesha kwa kidole mahali wanapoona imekosea, kabla haijapigwa muhuri.